Mawe Yenye Mistari Hayasimamishwi

Naanza na ujinga wangu mwenyewe, kabla dada yangu hajawasimulia na kuongeza chumvi. Nikiwa na miaka kumi na minne nililipua jiko la mama yangu katikati ya sala.

Sikukusudia. Mama alikuwa amejengewa jiko jipya la nje, na Jumamosi ile akina mama wa kanisani walikuwa wanakuja kusali kwetu. Akanituma nikatafute mafiga matatu. "Yatoe kule juu shambani, mawe makavu," alisema, "na uyagonge kwanza." Sasa shambani ni kupanda mlima. Mtoni ni kuteremka, tena kuna pa kuogelea. Nikateremka. Nikaogelea mpaka vidole vikakunjamana, nikachagua mawe matatu ya mviringo, laini, nikayarudisha kwa toroli yakiwa bado yanachuruzika maji. Mama alikuwa ametingwa na wageni, hakuyaangalia. Akabandika sufuria ya makande.

Jiwe la mtoni, wadogo zangu, limekunywa maji miaka na miaka kupitia nyufa usizoziona. Likipata moto, maji yale yanageuka mvuke, mvuke unatafuta mlango, mlango hakuna, basi unautengeneza. Mwenyekiti wa akina mama ndiyo kwanza alikuwa anawaombea wagonjwa, tukasikia paa! Kipande cha figa kikatoboa bati, sufuria ikapinduka, makande yote yakaenda majivuni, na Mwenyekiti akasema "Amina" wakati hata nusu ya wagonjwa hajawafikia. Kibanzi kimoja kilimchana Mama juu ya nyusi. Alama anayo mpaka leo.

Hakunichapa. Hapo ndipo nilipoogopa. Alijifuta damu kwa kanga, akawapa wageni chai na mkate, akawasindikiza mpaka njiani, akarudi akasema, "Hiza, kuanzia leo usilete jiwe kwenye nyumba yangu. Hata la kurushia kunguru." Likizo ilipoanza akanipeleka kwa kaka yake.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Na sasa nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, mitihani iko usoni, na mgongo wangu unauma kama wa mtu mwenye wajukuu. Mjomba amesema likizo ijayo atawachukua nyinyi mlioingia kidato cha kwanza, na akaniagiza niwaandikie mnayopaswa kuyajua, kwa kuwa yeye hapendi kurudia maneno. Basi haya ndiyo maneno yake, mengine nimeyachafua kidogo kwa mdomo wangu.

Mjomba hujenga misingi na kuta za mawe za kuzuia udongo. Ukitoka Soni ukipanda huku kwetu, kila penye nyumba iliyong'ang'ania mteremko bila kuporomoka, uliza, huenda mkono wake umepita hapo. Mimi namwita mjomba na yeye ananiita mjomba, kwa hiyo kazini mtu akipaza sauti "Mjomba!" tunageuka wote wawili, halafu tunamsikiliza. Kama ni chai, kila mmoja anaitika. Kama ni jiwe zito, kila mmoja anadhani ameitwa mwenzake.

Siku ya kwanza sikupewa nyundo. Aliniambia nirudi nyumbani nikalete vipande vya lile figa. Nilidhani ananitania. Nilipovileta kwenye mfuko wa rambo, akavipanga juu ya benchi kwa heshima kama mtu anayepanga vikombe vya wageni, kisha akaingia ndani na kutoka na mawe mawili. Moja lilikuwa jeusi, jepesi, limejaa vitundu. Nyuma yake mkewe, ambaye sisi tunamwita Anti, akawa anapiga kelele, "Hilo ni la miguu yangu! Ukilivunja utanisugua visigino kwa ulimi!"

"Anti atalipata," Mjomba akasema. Akaniwekea mkononi. "Hili nililitoa Moshi nilipokwenda kujenga. Lilikuwa uji."

"Uji?"

"Uji wa moto, kutoka chini kabisa ya ardhi. Ukatoka juu unachemka, ukapoa haraka kabla mapovu hayajamaliza kutoka. Hivyo vitundu ndiyo mapovu yenyewe. Kuna uji mwingine haukuwahi kutoka nje. Huo ulipoa huko huko chini, polepole, miaka isiyohesabika, kwa hiyo punje zake zikapata nafasi ya kukua. Ukikuta jiwe la namna hiyo lina punje kubwa unazoziona kwa macho, zimeshikana hovyo hovyo kama watu kwenye gulio, ujue halikuwa na haraka."

Huo ndio mwamba moto. Mwalimu atawaambia igneas. Mwaka ule ule alituuliza matumizi yake darasani, nami nikanyoosha mkono nikajibu, "Kusugulia visigino, mwalimu." Darasa zima likacheka, nikasimamishwa mbele nieleze huo upuuzi. Nikaeleza uji, mapovu na punje, mstari kwa mstari kama nilivyofundishwa. Mwalimu akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia miguu ya Anti.

Jiwe la pili lilitoka Tanga. Jeupe lenye umanjano, na ubavuni lina kombe dogo limenasa kama kifungo kwenye shati. "Umewahi kuosha simtanki?" Mjomba akaniuliza. Nani huku kwetu hajawahi kuingizwa kwenye tangi hilo la maji kwa sababu yeye ndiye mwembamba? "Chini uliona nini?"

"Matope."

"Matope gani? Sema vizuri."

Nikafikiri. "Chini kabisa mchanga mkubwa. Juu yake mdogo. Juu kabisa ule laini kama losheni."

"Ehee. Sasa simtanki liwe bahari, na usilioshe miaka milioni na milioni. La juu linakandamiza la chini mpaka linashikana. Konokono akifa humo ndani, nyumba yake inabaki." Huo ni mwamba tabaka, sedimentari ya darasani. Ukiona tabaka, mchanga uliogandana, makombe au alama ya jani, hapo hakuna uji.

Kisha akachukua kipande cha figa langu. Kilikuwa na mistari, myeusi na myeupe, myeusi na myeupe, kama soksi za timu. "Na hili lilikuwa kitu kingine kwanza," akasema.

"Kitu gani?"

"Pengine uji, pengine matope. Likazikwa chini sana, likabanwa, likapata joto kali lakini halikuyeyuka. Likabadilika likiwa gumu hivyo hivyo. Vyeusi vikaenda na vyeusi, vyeupe na vyeupe, vyote vikalala kulingana na lilivyobanwa. Umeona Anti anavyosukuma chapati za kukunja? Ukizikata, mikunjo unaiona. Huu ni mwamba geu. Mlima wote huu ulioukalia ndio huo, na ule pale, na ule pale."

"Na la shambani alilotaka Mama?"

"Ndugu mmoja na hili. Tofauti yao, moja lilibaki nyumbani, jingine likaenda kuoga pamoja na wewe."

Nakiri kuwa mpaka siku ile nilidhani milima ipo tu. Nilikuwa nimeikanyaga, nimeikojolea, nimeilaani nikiwa na ndoo ya maji kichwani, na sikuwahi kuwaza kwamba ilitoka mahali fulani, tena kwa taabu. Niliondoka pale natembea kwa adabu kidogo. Adabu hiyo ilidumu mpaka mtoni.

Kuhusu rangi, nitawaokoa na aibu yangu. Nilijitungia kanuni: jeusi ni la moto, jeupe ni la bahari, lenye mistari ni letu. Mjomba akaniacha nitambe nayo wiki nzima. Kisha akaniwekea mawe mawili meusi mezani, akasema nichague la moto. Nikachagua lile zito linalong'aa. Akaligeuza. Upande wa pili lilikuwa na mistari hafifu, na vipunje vyekundu vya ganeti vimejaa kama mbegu za ufuta kwenye kashata. Lilikuwa letu, alilitoa nyuma ya choo chake. "Rangi ni nguo, Mjomba," akasema. "Usimtambue mtu kwa nguo. Uliza alizaliwaje." Kwa hiyo nanyi angalieni vitundu, punje, tabaka, makombe na mistari. Rangi iwe ya mwisho.

Sasa nyundo. Jiwe zima likigongwa linalia kama kengele ya shule. Jiwe bovu linalia kama boga. Gonga mara tatu, sehemu tatu, kwa sababu lipo lenye ujanja wa kulia vizuri upande mmoja. Usivunje jiwe ukiwa umemwelekea mwenzako, na miwani vaeni, hata kama mnafanana na panzi. Mimi nilikuwa naivua akipita msichana yeyote. Siku moja kibanzi kilinigonga kope, nikashinda nalia machozi mbele ya wasichana wote wa Soni waliokuja gulioni. Mmoja aliniambia pole ya msiba.

Babu, baba yake Mjomba, yeye hakuwa na tindo wala kabari za chuma. Alikuwa akiwasha magogo juu ya jiwe kubwa kutwa nzima, halafu analimwagia maji baridi ghafla, linapasuka lenyewe. Mjomba aliponisimulia hilo nikamwambia, kumbe hata mimi nilitumia njia ya mababu, nilikosea sehemu tu. Akacheka mpaka akakaa chini. Siku hizi kuna mashine zinazotafuna kokoto huko barabarani, na Mjomba mwenyewe ana pima maji ndani ya simu. Ila akishaiangalia simu, anachukua chupa ya soda yenye maji nusu, anailaza juu ya jiwe, anathibitisha. "Simu inaweza kuwa na njaa," anasema. "Maji hayana chaji."

Na kuna siku ya ulanga. Ulanga ni vile vigamba vinavyometa ndani ya mawe yetu. Nilikuta sehemu ya mlima imejaa mawe ya kumeta, jua likiyapiga kama duka la simu, tena yanang'oka kwa urahisi. Nikabeba asubuhi nzima, nikajaza rundo. Mjomba akawa anapita na chai yake, anaangalia, haongei. Saa saba nikajisifu. Akaokota moja, akaliachia kutoka kiunoni. Likatawanyika kama biskuti. Mvua ilikuwa imeshaingia kwenye ule ulanga miaka mingi, ikalilegeza. "Asubuhi nzima umebeba udongo wa kesho," akasema. Kisha akanimiminia chai. Sikumshukuru siku ile. Namshukuru leo, kwa sababu angeniambia mapema ningesahau, lakini mabega yangu hayajasahau.

Nafika kwenye ukuta wa Mama. Hii ndiyo kazi pekee niliyoisimamia mwenyewe, na ndiyo sababu nimekubali kuandika.

Masika ya mwaka huu, mlima nyuma ya nyumba yetu ulilegea. Matope yakasukuma ukuta wa chumba cha Mama, yakaingia kupitia chini ya dirisha, yakafunika godoro. Mama hakuwepo kitandani, alikuwa ameamka kukamua. Kuanzia siku hiyo hakulala tena chumbani kwake. Kitanda chake, kile cha mbao alichochongewa alipoolewa na marehemu baba, kikasimamishwa kwenye korido, naye akawa analala chini sebuleni na mdogo wangu. Kila wingu likikaa juu ya mlima alikuwa anatoka kwenda kuuangalia ule udongo, anarudi. Mjomba akaahidi ukuta kabla ya vuli.

Likizo ya mwezi wa tisa ikafika, na Mjomba akalazwa hospitali ya Bumbuli kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Daktari alimkataza kubeba hata ndoo. Nikaenda kumwona. Nikamwambia, "Mjomba, nitajenga mimi."

Akaniuliza, "Umemwambia mama yako?"

"Bado."

"Mwambie umevaa miwani."

Mama alisikiliza, akajigusa juu ya nyusi bila kujua anajigusa. Akasema, "Nitakuwa nakuangalia." Tukaanza. Mimi nachimba msingi na kupanga, Mama na mdogo wangu wanabeba mawe madogo ya kujazia nyuma. Niligonga kila jiwe mara tatu. Niliulaza ukuta kuelekea mlimani, niliacha matundu ya maji, niliweka mawe marefu ya kufunga yanayoingia ndani kabisa. Kila kitu kama nilivyofundishwa. Lakini mimi ni mimi. Nilikuwa nimepata mawe mazuri mno, yenye mistari myeusi na myeupe iliyonyooka, nikaona ni dhambi kuificha. Nikayasimamisha, mistari ikatazama juu, upande wa bapa ukatazama mlango wa Mama, ili akitoka asubuhi aone mapambo. Siku ya sita ukuta ukafika kifuani. Mama alileta chai nje. Akawaita majirani. Mmoja akauliza fundi ametoka wapi, na Mama akanyoosha kidole kwangu, na nilijisikia mrefu kama mnara wa simu.

Nikapiga picha kwa simu ya Mama, nikamtumia Mjomba. Baada ya dakika mbili akapiga.

"Mjomba, usinichekeshe, nyuzi zitakatika. Hiyo mistari imesimama?"

"Imesimama. Inapendeza, siyo?"

"Chukua daftari lako. Lilaze mezani, weka tofali juu. Kurasa zinafanyaje?"

"Zinabanana."

"Sasa lisimamishe mvuani, lisukume kwa nyuma."

Nililiona lile daftari. Maji yanaingia kati ya kurasa, ukurasa wa mbele unabanduka, unafuata wa pili.

"Lilivyolala mlimani ndivyo linavyolala ukutani," akasema. Sauti yake haikuwa ya utani tena. "Huo ukuta vuli utavuka. Pengine na masika. Halafu utaanza kubanduka ngozi. Sasa wewe ndiye fundi, amua."

Niseme ukweli wote. Nilikaa nyuma ya nyumba nikapiga hesabu zangu. Mama hawezi kujua. Majirani wamesifia. Mpaka ukuta uanze kubanduka nitakuwa nimeshamaliza shule, niko mbali. Zilibaki siku nane za likizo, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima. Halafu nikamwona Mama ametoka na ufagio. Anafagia chumba chake cha nyuma. Alikuwa hajakifagia tangu masika ile.

Nikaingia. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Si tumeamkiana asubuhi? Umevunja nini?"

"Ukuta. Yaani, bado. Nataka kuuvunja." Nikamweleza mistari, daftari, mvua, kila kitu. Nilimwambia hata zile hesabu nilizopiga. Ufagio ukasimama. Nilisubiri aniambie habari ya mafiga, kwa kuwa alikuwa na haki zote. Alitoka nje, akauangalia ule ukuta aliouitia majirani, akaangalia mawingu, akafunga kanga kiunoni. Akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemea mlango, akanipa.

"Mvua haitakusubiri umalize kulia," akasema. "Anza juu."

Kubomoa ulichojenga kunauma kuliko kubeba. Siku ya kwanza majirani walipita wakauliza kulikoni, Mama akawajibu, "Fundi anageuza mapambo." Tukalaza kila jiwe kama lilivyokuwa limelala mlimani, mistari ikaenda upande upande. Mama alijua kuisoma kabla sijamwonyesha. Siku ya tatu yeye ndiye aliyenirudisha, "Hilo umelisimamisha," na kweli nilikuwa nimelisimamisha. Mjomba aliruhusiwa kutoka Bumbuli, akaja kukaa kwenye kiti, amekatazwa kunyanyua kitu, akanyanyua chai tu. Tulipanga jiwe la mwisho siku moja kabla shule hazijafunguliwa. Upande wa nje hakukuwa na mapambo, ni kingo za mawe tu. Mjomba aliweka chupa yake ya soda juu, akaichungulia, akaniambia, "Hongea, Mjomba." Huko ni kushukuru kwa Kishambaa, na katika miaka mitatu sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake kuja kwangu. Nikajifanya kibanzi kimeniingia jichoni. Nilikuwa nimevaa miwani.

Nawashukuru wote wawili, na hata yale mawe nayashukuru, maana yalinivumilia. Nyinyi mtakaoshika nyundo baada yangu, mtakosea makosa yenu. Mkikosea, semeni mapema, kabla saruji haijakauka.

Vuli ilikuja wiki ya tatu baada ya hapo. Mvua ilianza Ijumaa mchana, haikukata mpaka Jumapili asubuhi. Tulipoacha kuisikia kwenye bati, Mama alitoka, nami nikamfuata. Mlima ulikuwa umelowa chepechepe. Udongo ulikuwa umekuja mpaka nyuma ya ukuta na kukaa hapo. Kwenye yale matundu maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, maji matupu, hayana hata tope. Mama aliweka kiganja juu ya jiwe moja, akakiacha hapo muda mrefu kama anayempima mtoto homa. Nilitaka aseme kitu. Niliandaa hata majibu.

Aligeuka akaingia ndani. Nikasikia kitu kizito kinaburutwa kwenye korido, kisha sauti yake:

"Hiza! Njoo ushike huku miguuni, na ukinikwaruzia ukuta wa chumba changu na hiki kitanda nitakuchapa."